Vitunguu vya Maua vya Kichuguuni

Ngoie mwanangu,

Umetoka na mdogo wako Umba kwenda kuaga masista wa shule, nami nimebaki na meza, na kalamu yako ya buluu niliyoiiba mfukoni mwako, na mgongo huu ambao siku hizi unanong'ona kila nikikaa. Valizi yako iko pale mlangoni, imefungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lake lilikufa zamani. Kesho ni treni, kisha mashua, kisha Kinshasa na hayo masomo yako ya sheria. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani, na kuvaa sweta, mama yako amekwisha kukuambia mara saba, na kabla hujalala atakuambia ya nane. Mimi sirudii. Nina neno moja tu, nalo ni refu, na ningelisema kwa mdomo kama ningekuwa mtu mwenye mdomo.

Jumapili iliyopita ulimwona mama yako akifungua sanduku lake. Alitoa kile kitambaa cha buluu chenye fundo, akakishika kidogo, akakirudisha ndani. Wewe ulikuwa unakunja nguo zako, ukaendelea kukunja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaona uso wako.

Zile ni mbegu za lengalenga, mboga yetu ya majani, alizopewa na mama yake siku alipotoka kwao kaskazini kuja kuolewa huku, na nyanya yako naye alipewa vilevile na mama yake. Kila mwaka anazipanda, anaacha mimea michache ikomae, anakusanya mbegu mpya, anafunga tena fundo. Kwetu binti wa kwanza hatoki nyumbani bila mbegu za mama yake, hata kama anakwenda kukaa ghorofani ambako hakuna udongo. Wewe ni wa kwanza. Na kesho ungeondoka mikono mitupu, kwa sababu nyumba hii nzima inajua kwamba mkono wako ni wa moto, na kila unachopanda kinakufa. Mbegu zingebaki kwa Umba. Hivyo ndivyo mama yako alivyoamua, na alilia alipokuwa akiamua.

Ngoie, mkono wako si wa moto. Haujawahi kuwa wa moto. Ule ni uongo wangu, niliusema mimi kwa mdomo wangu ulipokuwa na miaka tisa, na nimeuacha ukae hapa nyumbani mpaka ukawa kama mtu wa familia. Haya, nimeandika. Nilidhani nikifika hapa nitatetemeka, kumbe nimechoka tu.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana hukujua kilichokuwa kinanisumbua.

Wakati ule nilikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja kubwa kule Golf, mtaa wa wakubwa. Kampuni iliwapa nyumba zile mainjinia wake, na sisi wa kikosi cha bustani tuligawiwa kwao, kila mmoja na ua wake. Injinia wangu sikumjua sana, alikuwa anaamka na migodi na kulala na migodi. Bustani ilikuwa ya mke wake. Tulimwita Madame tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kofia ya ukindu, mkali kwa majani ya magugu lakini si kwa watu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, ila kilifika kilikotaka kufika.

Mwaka ule aliletewa sanduku kutoka kwao, limejaa vitunguu. Mimi nikabeba sanduku moja kwa moja jikoni. Akanikimbilia.

"Hapana! Hii hapana kula! Hii iko maua!"

Nikadhani anatania. Akanionyesha picha kwenye karatasi: fimbo nyembamba ya kijani inayofika kiunoni, na juu yake mpira wa zambarau, maua madogo mengi yamekaa pamoja, mviringo kabisa, ukubwa wa chungwa. Ukitazama huoni kitunguu popote. Ukiinama na kunusa, basi, umerudi jikoni. Kitu cha ajabu zaidi, aliviweka kwenye friji kando ya siagi, wiki baada ya wiki, ili vifikiri vimepita baridi ya Ulaya. Mpishi alinung'unika kila alipofungua mlango. Mimi nilicheka nikiwa peke yangu, kisha mvua zilipokwisha tukavipanda, na mwezi wa nane, katika vumbi na ukavu wote huu unaoujua, vikasimama vile vile kama kwenye picha. Nilikaa chini kwenye nyasi nikavitazama. Miaka mingi nimepanda vitu vya watu, lakini vile nilivitaka.

Alinifundisha utunzaji wake kwa maneno machache, na mpaka leo nayakumbuka. "Jua mingi. Maji ipite. Isilale." Ndiyo yote. Vinataka jua siku nzima, na udongo usioshika maji, kwa sababu vikilala kwenye unyevu vinaoza kutoka chini, nawe unaendelea kumwagilia maiti bila kujua. Vitalu vyake vilikuwa na kokoto na mchanga wa mto, vilivyoletwa na lori la kampuni. Kwa hiyo vitunguu vilipita salama.

Sasa ongeza hapo ukaguzi wa viwanja hapa kambini kwetu wafanyakazi. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka kufagia tu. Kila kiangazi mkuu wa kambi, chef, alipita nyumba kwa nyumba na daftari, pamoja na mtu mmoja wa chama aliyevaa suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka inakata, wakitazama nani kapaka chokaa, nani kafagia, nani ana maua. Aliyeshinda alipewa karatasi yenye muhuri, mbele ya watu wote. Jirani yetu wa mstari wa tatu alishinda mara mbili kwa maua yake mekundu ya kanna. Na kila nilipopita na baiskeli yangu jioni, nimetoka Golf, aliniita akiwa amekaa kibarazani:

"We, jardinier ya bazungu! Kwako kuko paka lengalenga?"

Mtunza bustani wa wazungu, kwake lengalenga tu! Wenzake walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Lakini nilifika nyumbani nikiwa sina hamu ya kula. Leo naandika hili naona aibu, mtu mzima kukosa usingizi kwa ajili ya maua ya kanna. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kama nitakudanganya kwenye hili dogo, barua haina kazi.

Basi mwaka uliofuata Madame akanipa mfuko wa karatasi uliojaa vile vitunguu, vimekwisha kaa frijini, tayari kupandwa. Nikaja nao nyumbani kifua mbele. Kiwanja chetu unakijua, udongo mwekundu unaoshika maji kama chungu, na mti wa jirani unatunyima jua nusu ya siku. Mahali pazuri palikuwa pamoja tu, pale kwenye mteremko kando ya ukuta wa jikoni, ambako jua lilikaa tangu asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo mama yako alipokuwa na kitalu chake.

Nikamwomba nusu. Alikuwa anasonga bukari, hakuacha kusonga.

"Ile maua banakula?"

"Hapana."

"Sasa itatusaidia nini?"

"Itatupatia jina."

"Jina banaipika na bukari?" Akasonga tena, kisha akaniangalia, na nadhani aliona kwamba lile jambo lilikuwa linaniuma. "Kamata nusu ya juu. Lakini ile yangu ya chini, usiguse."

Kokoto sikuwa nazo. Lori la kampuni lilikuwa la Golf, si la kambi. Ningeweza kumwuliza Madame nitumie nini, angeniambia kwa neno moja. Sikutaka aone kwamba sijui. Nikapanda baiskeli mpaka chini ya ule mlima mweusi, wa takataka zinazomwagwa kutoka kwenye tanuru za shaba, nikashika konzi moja. Mchanga mweusi, mkali, umekatika vizuri, maji yanapita humo bila kusimama. Nikajiambia, hii hapa. Kwa nini wazungu wasumbuke na mto?

Ngoie, mtoto yeyote wa kambi anajua kwamba pale hakuoti hata jani moja. Nami nilijua. Kulikuwa na vipande vyenye ukungu wa kijani wa shaba, nikaviona na nikaviona vizuri. Nikajiambia hakuoti kwa sababu malori yanakanyaga. Nimekuwa nikizika mikono yangu kwenye udongo tangu ujana, na siku ile nilijiambia upuuzi huo na nikaukubali, kwa sababu ukaguzi ulikuwa karibu na mto ulikuwa mbali.

Nilileta magunia kwa baiskeli mpaka barabarani, na wewe ukabeba kwa beseni mpaka kitaluni. Ulikuwa unaimba wimbo wa shule. Nikachanganya ule mchanga mpaka chini kabisa, nikapanga vitunguu vyangu kwa kamba, mstari ulionyooka. Vile vidogo, na vile vyenye kidonda, nikavitupa kando. Uliokota vitano. Najua ni vitano kwa sababu ulivihesabu kwa Kifaransa, ulikuwa umetoka tu kujifunza.

Majani yalitoka. Nikaanza kutembea kambini kama mtu mwenye siri. Kisha ncha zikawa njano, kisha majani yakasimama pale yalipofika, hayaendi mbele wala hayafi. Nikadhani ni kiu. Nikamwagilia asubuhi na jioni, na maji yakapita kama nilivyotaka, yakateremka, yakabeba ile sumu mpaka kwenye nusu ya mama yako. Lengalenga yake ilikuwa imesimama kukomaza mbegu. Ndani ya majuma machache ikakunjamana yote. Niling'oa mmea mmoja alfajiri kabla mama yako hajaamka. Mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, kama meno ya mzee. Nikaurudisha kwenye shimo na kuukanyagia udongo, kana kwamba hiyo ni dawa.

Siku alipoona, alikuwa ametoka kanisani. Alisimama na kitambaa chake kizuri bado kichwani.

"Nani aliweka kintu hapa?"

Mimi nilikuwa pale na ndoo ya kumwagilia mkononi. Wewe ulikuwa karibu na mlango, unasuuza nguo nyeupe zilizotoka kwenye dawa ya kung'arisha. Na nikasema, bila hata kufikiri, neno lilitoka lenyewe kama kikohozi:

"Ngoie alimwanga maji ya Javel. Nilimuona."

Uliniangalia. Ni hicho tu ulichofanya. Hukusema hapana, kwa sababu tulikulea usimkatalie baba yako mbele ya watu, na mimi nilijificha ndani ya malezi hayohayo. Mama yako hakuwa mtu wa kupiga. Siku ile alikupiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, na alikuwa analia kuliko wewe. Alikuwa analilia mbegu za mama yake, maana fundoni zilikuwa zimebaki chache tu. Nilisimama na ndoo yangu. Kama ningesema palepale, ingekuwa aibu ya mchana mmoja, na jirani mmoja au wawili wangecheka. Nilikuwa na nafasi ile na nyingine nyingi baadaye, na kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Kisha alikuja shangazi yako kutoka Lukafu na mihogo yake, akasikia habari, akashika mkono wako, akaugeuza. Wewe unajua alivyo, hakuna jambo asilokuwa na jina lake.

"Huyu mutoto eko na mukono ya moto. Musimuache kupanda."

Mama yako hakutaka kuamini, hilo lazima ulijue. Alikupa punje sita za mahindi, akakuambia, panda popote unapotaka, tuone. Ukazunguka kiwanja na punje zako mkononi, ukachagua mahali penye jua zaidi. Ukachagua pale pale, kwenye nusu yangu. Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli. Nilikuona ukichimba kwa kijiko, nikajua kitakachotokea, nikainamisha kichwa kwenye mnyororo.

Hazikuota hata moja. Tangu siku ile mwezi wa kumi ukifika, unapewa kazi za ndani. Umba anaitwa kupanda, wewe unaambiwa uangalie chungu. Mbegu zilifichwa usizione, maharagwe ya kupanda hukuruhusiwa hata kuyachambua. Na wewe ulifanya jambo lililonimaliza: ulianza kulichezea. Ukivunja sahani unasema ni mkono wa moto. Watu wakacheka, na wewe ukacheka, na mimi najua kicheko cha namna hiyo, nilikuwa nacho juu ya baiskeli.

Mwaka jana sista wenu wa sayansi alinisimamisha baada ya misa. Aliniambia alikuwa ameshauri uende kusoma kilimo, kwamba darasani hakuna aliyeelewa mimea kama wewe, na wewe ulimjibu: "Ma soeur, mi siwezi, mukono yangu iko moto." Alidhani ni mzaha na alikuwa anacheka akinisimulia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikisukuma baiskeli, kwa sababu sikuweza kuipanda. Sikuambii ubadilishe masomo. Sheria ni nzuri, na huenda siku moja ukanishitaki. Nakuambia tu kwamba ule mlango haukuufunga wewe.

Nikuambie nini nilichojifunza? Si mengi, kwa miaka yote hiyo. Nimejifunza kwamba kuficha kunachosha kuliko kulima. Nimelima kwa mvua na kwa homa, na kesho yake nikaamka mzima. Lakini hili halijanipa hata siku moja ya kupumzika. Nilipokuwa mkali kwako bila sababu, ni kwa sababu ya hili. Nilipokuletea kitambaa bila sababu, ni kwa sababu ya hili pia. Ukikosea huko uendako, na utakosea, sema siku hiyohiyo. Usisubiri upate maneno mazuri. Mimi nilisubiri maneno mazuri mpaka nywele zikawa nyeupe, na leo nimeandika haya mabaya tu.

Kile kitalu hakikupona. Niliondoa mchanga, niliweka samadi, nilileta udongo mwingine, hakuna. Ndiyo sababu tulijenga pale kibanda cha bata. Mama yako alihamisha mboga zake upande wa kivulini, na kila mwaka zimekuwa nyembamba, na hakuwahi kulalamika kwangu.

Bado sijamaliza. Liko la pili. Kwa macho ya mtu mwingine ni dogo, lakini mimi ndilo linaloniamsha.

Ile likizo kubwa, baada ya yote hayo, tulikupeleka kwa shangazi yako Lukafu. Mwezi wa nane nilikuwa nakata majani nyuma ya nyumba, karibu na kile kichuguu kikubwa ambacho tumeshindwa kukiondoa tangu tuingie kambi hii. Kwenye ubavu wake unaotazama asubuhi, juu kidogo, kimo cha kifua cha mtoto, nikaona fimbo tano za kijani, na juu ya kila moja mpira wa zambarau. Nyuki wamejaa. Nilisimama pale na panga langu. Uliokota vile nilivyovitupa, vile vyenye kidonda, ukaenda kutoboa mashimo kwenye kichuguu, na hukumwambia mtu. Mimi na ujuzi wangu wote nilitafuta mahali penye jua na pasipolala maji, nikaharibu. Wewe ulikuwa umepaona kwa macho tu.

Ukaguzi ulikuja siku nne baadaye. Chef wa kambi alizunguka kile kichuguu mara tatu. Mtu wa chama aliinama akanusa, akacheka peke yake. Wakauliza nani kapanda. Nikasema mimi. Karatasi ikaandikwa jina langu, lile la kienyeji tulilotakiwa kutumia baada ya kuacha majina ya ubatizo, na mpaka leo kambi nzima inaniita Baba Maua. Karatasi ileile iliyokaa sebuleni, ambayo wewe ndiye uliyekuwa unaipangusa vumbi kila Jumamosi.

Uliporudi kutoka Lukafu ulikimbia nyuma ya nyumba kabla hata ya kunywa maji. Ukarudi kwangu, macho umeyatoa.

"Baba, ile maua si yangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Watu walikuwa wamekwisha ondoka, karatasi nilikuwa nayo, mama yako hakuwepo, hakuna aliyenishikia panga. Neno moja tu, na ule mkono wa moto ungekwisha palepale.

"Yako ilikufa," nikasema. "Hii nilipanda mimi."

Ukasema, "Aha." Ukaenda kunywa maji.

Maua yale yamechanua kila mwaka, Ngoie. Madame aliondoka na mume wake, ile bustani ya Golf imekuwa mahali pa kuegesha magari, na kikosi chetu cha bustani kimebaki wazee watatu na mipira ya maji isiyo na maji. Vile vitunguu vya kichuguuni havikupata friji wala mtu wa kuvibembeleza, vilitosheka na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Maua yamepungua, sasa ni ukubwa wa limao. Lakini hayajakosa hata mwaka mmoja, wala mvua haikuviozesha vitunguu. Vyote ni vya mkono wako. Sikuviongeza hata kimoja.

Nimemwambia mama yako leo, mlipotoka tu. Alikuwa anapepeta unga. Nilimwambia yote mawili, mchanga na maua, nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona si haki kukaa. Aliweka ungo chini.

"Nilimupiga mutoto ju ya uongo yako?"

"Ndiyo."

"Na hii miaka yote nilimufichia mbegu ya mama yangu?"

"Ndiyo."

Hakulia. Alipiga mikono yake kutoa unga, polepole, mmoja kisha mwingine.

"Weye njo utamwambia. Mambo iko yako."

Akachukua jembe akatoka. Ndipo nikaiba kalamu yako.

Tangu nianze kuandika nasikia lile jembe nyuma ya nyumba. Nilidhani anang'oa vile vitunguu kwa hasira, na sikuwa na haki ya kumzuia, kwa hiyo niliendelea kuandika. Sasa hivi nimeinuka kwenda kuona. Hajagusa hata kimoja. Ametengeneza kitalu kipya kwenye ubavu wa kichuguu, upande wa jua, kimezunguka vile vitunguu vyako, na udongo ameusaga kwa mikono mpaka umekuwa laini. Juu ya jiwe ameweka kile kitambaa cha buluu, fundo limefunguliwa. Nikainama niondoe kokoto moja iliyobaki.

"Usikamate kitu," akasema. "Hapa Ngoie njo atapanda. Kesho asubuhi, mbele ya kwenda ku gare."

Treni ni saa nne, atakuamsha mapema. Nusu ya mbegu utapanda hapa, nusu utakwenda nazo, ndivyo alivyosema. Ile karatasi ya sebuleni nimeitoa ukutani. Sikuiweka kwenye valizi yako, kwa sababu ina jina langu, na umenibebea vya kutosha. Mimi kesho nitakaa pale kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Sitakuja karibu. Ukimaliza kupanda, kama unataka kuniangalia, nitakuwa hapo.

Baba yako